Kusokota sufu, pamba na mkonge huku oda za masweta zinaendelea

BintiMuheza

Habari za humu wakuu. Inbox imejaa swali moja: "dada, nataka kusokota uzi wangu, nianze na nini?" Badala ya kujibu mmoja mmoja naweka kila kitu hapa, na wenye ujuzi wao waongezee.

Kwa msionijua: kwetu Muheza, nimeolewa Kinangop, Kenya. Kinachonilisha ni masweta ya shule. Nina mashine ya kufumia, nanunua uzi wa akriliki, yaani wa plastiki wa kiwandani, wa koni, maruni na kijani kibichi, na Januari ikikaribia silali. Kusokota ni kazi ya jioni, jiko likiwa linawaka na mikono haina la kufanya.

Naanza na lile ambalo watu hawapendi kulisikia. Sisokoti ili niache kununua uzi. Sweta la mtu mzima la unene wa kati linakula kama gramu 500, mita elfu moja na ushei. Uzi huo ukiwa wa nyuzi mbili zilizopotwa pamoja, ina maana umesokota zaidi ya mita 2,000 za uzi mmoja mmoja, kisha ukarudi kuzipota upya. Hakuna mwalimu mkuu atakayelipia hiyo. Na sweta la shule lenyewe linataka akriliki: linalowekwa kwenye maji ya moto, linasuguliwa, linaanikwa juani, mtoto analigeuza goli la mpira, na muhula wa tatu bado analivaa. Sufu ukiifanyia hivyo mara moja tu, imekwisha.

Kwa hiyo nilichosokota nakitia kwenye vitu vidogo: kofia, soksi, skafu, pindo la shingo la sweta ambalo mwili wake ni uzi wa dukani. Kofia ya mtoto mchanga haizidi gramu 50. Hiyo unaimaliza na unaiona inavaliwa.

Sasa sufu yenyewe. Jirani yangu anafuga Corriedale, kondoo waliozalishwa New Zealand kwa kuchanganya Merino na Lincoln. Unywele wake mmoja unafika sentimita 8 hadi 12, una mawimbi, na vidole vya mtu anayeanza vinauweza. Kondoo wa Kimasai msihangaike naye, yule ana nywele, hana sufu. Dorper naye ana mchanganyiko mfupi unaopukutika wenyewe.

Manyoya yakinyolewa vizuri hutoka yameshikana kipande kimoja. Yatandaze kwenye turubai, upande uliokatwa uwe chini, kisha ondoa kingo bila huruma: mkia, tumbo, miguu. Huko ndiko kwenye kinyesi na michongoma. Sufu nzuri iko mabegani.

Kuosha ndiko wengi wanakoharibu. Chukua wavu wa vitunguu, jaza manyoya bila kushindilia. Maji yawe ya moto hasa, digrii 60 hivi, mkono usivumilie. Tia sabuni ya vyombo, zamisha wavu, ondoka. Usikoroge, usifinye. Baada ya robo saa toa wavu maji yakiwa bado ya moto, kwa sababu mafuta ya kondoo yakipoa yanarudi kugandia pale pale. Rudia kwa maji mapya ya joto lile lile, sabuni, tena, halafu suuza. Kila unywele wa sufu una magamba madogo sana. Joto, maji na msuguano vikikutana, magamba hayo yanang'ang'aniana na hakuna atakayeyatenganisha. Ndiyo maana sweta la sufu likifuliwa vibaya linarudi saizi ya mwanasesere. Kilo moja ya manyoya machafu ikirudi nusu kilo baada ya kuoshwa, hujaibiwa. Ni mafuta na vumbi.

Yakikauka, yachane kwa brashi mbili za waya, zile za kuchania mbwa zinatosha. Kisha kijiti cha kusokotea: kijiti chenye unene wa penseli, CD mbili mbovu, mpira wa kuzibana katikati, ndoano ya waya juu. Kwisha. Mimi sasa natumia gurudumu la kukanyaga ambalo fundi mbao alinitengenezea kwa rimu ya baiskeli, lakini msikimbilie huko.

Kwenye kusokota chunga kitu kimoja tu: mkono wa juu unavuta manyoya, mkono wa chini unazuia msokoto. Msokoto ukipanda kwenye manyoya ambayo hujayavuta, unapata fundo nene, na kabla yake uzi mwembamba unaokatika. Vuta kwanza, kisha achia.

Ukisokota kwa kuzungusha kulia, kupota zungusha kushoto. Usiruke hatua ya kupota. Uzi mmoja usiopotwa ukiufuma, kitambaa kinakwenda upande: unaanza mraba, unamaliza mshazari. Ukishapota, loweka kwenye maji ya vuguvugu, kamua kwa taulo, ning'iniza. Uking'inia umenyooka bila kujipinda, uzi umetulia.

Nitaendelea na pamba na mkonge nikitoka jikoni.

Karani wa Pamba

Dada, asante. Mimi niko Simiyu, pamba kwangu si tatizo, tatizo ni kuisokota. Nimefanya hiyo ya CD, kila nikivuta inakatika, kijiti kinaanguka chini. Tatizo ni mikono yangu au ni pamba?

Bi Mkora

Ni kijiti. Unywele wa pamba una milimita 25 mpaka 30. Kondoo wa huyo dada anakupa sentimita 10. Kijiti cha CD kinaning'inia na uzito wake wote uko kwenye uzi ambao bado haujakaza, lazima ukatike.

Pamba isokote kwa kijiti chembamba, chepesi, ambacho ncha yake ya chini inakaa kwenye bakuli au kifuu. Uzito unabebwa na bakuli, uzi haubebi kitu. Wahindi wanacho cha chuma, wanakiita takli. Na gurudumu lile la Gandhi, charkha, limeundwa kwa ajili hii hii: halivuti uzi, linautia msokoto tu, mwingi na wa haraka. Pamba inataka msokoto mwingi kuliko sufu, kwa sababu nywele fupi hazina cha kujishikia isipokuwa huo msokoto.

Jambo jingine, hiyo pamba umeitoa wapi? Kama ni pamba mbegu, toa mbegu kwa mkono, usiipige. Ya kwenye robota imeshindiliwa, ichambue taratibu mpaka ipumue.

Karani wa Pamba

Ni pamba mbegu ya shambani kwetu. Jioni watoto wananisaidia kutoa mbegu. Sikujua kwamba kilo moja ya pamba mbegu inabaki theluthi na kitu tu ya nyuzi, na mimi ndiye niliyekuwa napima mizigo pale chama cha msingi miaka yote hiyo!

BintiMuheza

Bi Mkora amemaliza. Naongeza mawili. Ukishapota uzi wa pamba, uchemshe, saa nzima na sabuni kidogo. Unatulia, na nta ya asili inatoka, vinginevyo utafuma taulo lisilokunywa maji.

La pili ni la wafumaji. Pamba haivutiki. Sufu ukiivuta inarudi, pamba ukiivuta imevutika. Ukifuma sweta la pamba ukalitilia pindo la kuvutika kiunoni na kwenye mikono, likivaliwa kidogo limelegea kote. Pia ni nzito, linaning'inia. Pamba ya mkono ifumie vitambaa vya kuoshea uso, vya jikoni, bibu za watoto. Sindano ndogo kuliko unavyodhani. Mimi natumia namba 10 kwa uzi ambao ungekuwa sufu ningetumia namba 8 (namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba).

Gikomba Original

Nasoma tu nikicheka. Sweta la mtumba la sufu safi kutoka Ulaya linauzwa hapa soko la Gikomba, Nairobi, bei ya chai na chapati mbili. Mnaosha kinyesi cha kondoo cha nini?

Sindano Kumi

Mkuu huyu ametutukana lakini ametuonyesha dhahabu. Mimi nafumua masweta ya mitumba tangu zamani, uzi wangu wote mzuri umetoka kwenye mabelo.

Mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela. Geuza sweta ndani nje, tazama mshono wa ubavuni. Ukiwa wa oveloki, rudisha kwenye lundo, maana kingo zilikatwa na mkasi na ukifumua utapata vipande, kila mstari na kipande chake. Unaotafuta ni ule ambao kila upande una ukingo wake safi na umeunganishwa kwa mnyororo mwembamba. Huo ukiupata mwanzo wake unafunguka wote kwa kuvuta. Kisha fumua kuanzia juu, uzi unatoka mzima kama ulivyoingia.

Na usiamini lebo, lebo nyingi zimekatwa. Chomoa uzi wa urefu wa kidole, ushike kwa kibanio, uwashe juu ya sahani. Sufu haitaki kuwaka: inasinyaa, inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa kiberiti inazima yenyewe, na jivu lake unalisaga kwa vidole. Pamba inawaka moja kwa moja, harufu ya karatasi, jivu jepesi. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha punje ngumu usiyoweza kuivunja kwa kucha. Fanyieni nje, moshi wake si mzuri.

Gikomba Original

Sasa naanza kuelewa wale kina mama wanaogeuza kila sweta ndani nje halafu hawanunui.

BintiMuheza

@Gikomba Original hujatukosea, karibu. @Sindano Kumi ametaja njia ambayo mimi ningemshauri mtu wa mjini aanze nayo, tena kabla ya manyoya. Uzi wa sweta la mtumba la kiwandani mara nyingi ni mwembamba mno kwa sindano za mkono. Chukua madonge mawili au matatu ya uzi huo, uyapote pamoja kwa kijiti cha CD. Hapo umejifunza nusu ya kazi hii bila kugusa kondoo.

Tazama kwanza mshazari wa uzi wenyewe. Ukilala kama mstari wa katikati wa herufi S, wewe pota uelekee Z, na kinyume chake. Ukipota upande ule ule uliopotwa kiwandani, utapata waya. Na uzi uliofumuliwa huwa na mikunjo ya mishono ya zamani. Uoshe, uning'inize ukiwa na kauzito kadogo chini, ndipo uupote.

Mpate wa Kale

Assalaam alaykum. Naona mnazungumza kusokota pamba kana kwamba ni mambo ya kigeni yaliyotujia kwa meli. Huku kwetu Pate, kwenye magofu ya Shanga, na kule Kilwa pia, wachimbaji walipata vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vile ni vizito vya vijiti vya kusokotea, kazi yake ndiyo ya hizo CD zenu. Mtu alivunja chungu, akachukua kipande, akakizungusha juu ya jiwe mpaka kikawa duara, akatia tundu. Na Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kuhusu nguo zinazotengenezwa hapo na kupelekwa hadi Misri.

Kilichotuua ni merikani. Karne ya 19 majahazi na meli zilishusha majora ya pamba nyeupe kutoka Marekani, rahisi na imara, na aliyekuwa akikaa na kijiti chake kutwa angeshindana vipi?

Bi Mkora

Wa alaykum salaam sharifu. Kwa hiyo Gikomba hakuanza jana.

Mkamba Halisi

Nyinyi mnaongea kupota kwa CD, nyanya yangu hakuhitaji chombo. Mkonge unaufanyia pajani. Unachukua nyuzi mbili, unaweka juu ya paja, kiganja kinasukuma mbele kila moja inajisokota pekee yake. Halafu kwa ule ule mkono unarudisha nyuma na zinajikamata pamoja. Mbele, nyuma. Kamba inatoka ndefu na haiwezi jifungua. Kiondo kizima ni hiyo. Paja linapakwa majivu kidogo ndio uzi usiteleze, na linakuwa sugu kama goti la ngamia.

BintiMuheza

Umenirudisha nyumbani, maana mimi nimekulia kando ya mashamba ya mkonge. Watu hawajui kwamba mmea wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 mwaka 1893, ikafika Tanga 62 tu hai. Mashamba yote makubwa yalianzia hapo.

Na huo mwendo wa mbele na nyuma ndio kusokota na kupota kwa pamoja, yaani hatua mbili ninazowaambia watu hapa nyanya alizifanya kwa kiganja kimoja.

Kwa wafumaji: mkonge haufumwi nguo. Nyuzi zake ni ndefu, karibu mita moja, ngumu, hazikunjiki kwenye sindano. Loweka kabla ya kusokota, ukiwa mkavu unachoma na kumeguka. Nimefuma glovu za kusugulia mgongo kwa kroshia nene, hizo zimetoka vizuri na wageni wanazipenda. Basi. Mengine waachieni wasusi wa viondo.

Kijana wa Kahama

Na sufi je? Nyumbani tuna msufi unaodondosha mzigo kila mwaka, laini kuliko pamba. Si utatoka uzi wa ajabu?

Bi Mkora

Hautoki mwanangu. Unywele wa sufi ni kama mrija mtupu uliopakwa nta: mfupi, unateleza, unavunjika. Hauna magamba ya sufu wala mpindo wa pamba, kwa hiyo hakuna kinachoshika kingine. Wajanja wanauchanganya na pamba kidogo na bado unapukutika. Sufi ni mto wa kulalia. Usiupoteze.

Kijana wa Kahama

Haya. Na mbwa?

Mpate wa Kale

Laa hawla. Sweta hilo ukilivaa usije kwetu.

BintiMuheza

😂 Kwa ukweli wake, manyoya ya ndani ya mbwa wa nchi za baridi husokotwa na yana joto kuliko sufu. Mbwa wetu hawa wa kulinda boma hawana cha kusokotwa. Ngamia vilevile: uzi wa ngamia madukani ni wa yule mwenye nundu mbili wa Asia ya kati. Wa Garissa na Marsabit wana nundu moja na manyoya haba.

Toronto Baridi

Salamu kutoka kwenye theluji. Huku naweza kununua sufu ya Merino iliyooshwa, imechanwa, imepangwa kamba ndefu tayari, mtu unakaa na kusokota tu. Nilidhani hiyo ndiyo raha yenyewe. Kisha shemeji akanitumia mfuko wa Corriedale kutoka Molo. Merino ni laini kwa shingo, sikatai, lakini nimefuma glovu za Merino zikatoa vipele vya manyoya kabla msimu haujaisha. Za Molo bado zinapiga koleo la theluji. Unywele mnene kidogo na mrefu unavumilia msuguano. Wanaolalamika kwamba sufu ya Kenya inawasha waivae juu ya shati.

Mama Upendo Makete

Nawasalimu wote. Huku Makete baridi mnaijua. Nafuma kwa mkono, sina mashine. Swali langu ni la rangi: nikishasokota sufu nyeupe, naweza kuipaka rangi bila dawa za viwandani?

Bi Mkora

Unaweza mama Upendo. Nunua shabu, ile ya kusafishia maji. Gramu 10 mpaka 15 za shabu kwa kila gramu 100 za uzi mkavu. Iyeyushe, tia uzi uliolowa, pasha moto polepole usichemke, saa moja, acha upoe humo humo. Kisha chemsha maganda ya vitunguu maji, uzito sawa na uzi au zaidi, chuja, rudisha uzi. Unapata njano ya dhahabu hadi rangi ya chungwa, na haitoki upesi. Manjano ya mchuzi inavutia siku ya kwanza, ila jua linaila yote, usimuuzie mtu. Na usihamishe uzi kutoka moto kwenda baridi, umesoma ya magamba hapo juu.

Mama Upendo Makete

Ahsante sana. La mwisho: soksi. Baba watoto anavaa mabuti ya mvua kutwa shambani. Nilimfumia za sufu, kisigino kimetoboka upesi. Nirudi kwenye akriliki?

BintiMuheza

Usirudi, mama. Sufu inanyonya jasho, kama theluthi ya uzito wake, kabla mguu haujahisi unyevu. Akriliki kwenye buti la mpira itamchemsha. Rekebisha uzi. Kwanza, sokota kwa msokoto mwingi kuliko wa kofia, mpaka uzi mmoja ukiulegeza ujikunje wenyewe mara moja. Pili, pota nyuzi tatu badala ya mbili. Uzi wa nyuzi tatu ni mduara, msuguano unagawanyika. Wa mbili una mabonde na vilima na vile vilima ndivyo vinavyolika. Tatu, fuma kwa sindano ndogo, namba 12 au 13, kitambaa kiwe kigumu mkononi mwako kuliko unavyopenda. Kisigino na vidoleni shika pamoja na uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kushonea viatu uliochambuliwa, au fumua soksi ya mtumba ya michezo upate wake.

Na usitumie sufu ya bega kwa kazi hiyo. Ile laini iwekee kofia ya Upendo. Soksi za buti zipe ya mapajani, ni nene na ndiyo wengi wanaoitupa.

Mama Upendo Makete

Ya mapajani nilikuwa naweka kwenye mito ya sebuleni! Kesho naichomoa.

Gikomba Original

Wakuu, belo la sweta limefunguliwa leo asubuhi. Nimegeuza moja ndani nje, mshono una mnyororo, nimechoma uzi umenuka nywele. Nimeliweka pembeni. Nani anachukua?

Sindano Kumi

Mimi. Usiliuze, nakuja saa nane. Rangi gani?